Pikipiki, Fahali na Mdomo wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinipiga mwiko wa bega siku tulipomaliza matanga ya mwanawe. Mwiko ulikuwa umetoka moja kwa moja kwenye sufuria ya ugali wa wageni, ukaniunguza kabla haujaniuma. Kosa langu lilikuwa kusema mbele ya wazee wa ukoo kwamba funguo za pikipiki ya mume wangu sizitoi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshanyoosha mkono kuzipokea. Nikamnyang'anya mama ule mwiko nikauvunja gotini. Nina hasira, sikatai, na siku hiyo nilikuwa nayo ya kutosha watu wawili.

Pikipiki yenyewe haikuwa hizi ndogo za bodaboda ambazo mtu anaziweka sawa kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Mume wangu aliinunua kwa padri mzungu aliyekuwa anarudi kwao, nayo ilikuwa jitu la chuma. Milima ya Shinyalu ikinyeshewa, vijana wote wa bodaboda wanaegesha chini ya paa za maduka na kuanza kucheza karata. Hiyo ilipanda. Mume wangu alipoanza kuugua akanifundisha kuiendesha, na kabla hajafa nilikuwa nabeba abiria, magunia ya mahindi, hata majeneza mara moja moja. Chakula cha watoto wangu kilitoka kwenye ile siti. Ningeiachia wapi?

Baba mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akaona amalize maneno. Akaamua nikae nayo, lakini siku itakapomwangusha mtu yeyote wa nyumba hiyo, funguo ziende kwa shemeji bila kikao kingine. Wote wakaitikia. Mama mkwe akacheka kwa pua, akaniuliza siku itakapoanguka nitamwita nani aje aiinue. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Ilikuwa haijawahi kuanguka mikononi mwangu, na usiombe.

Basi tukakaa hivyo, yeye nyumba yake na mimi yangu, tunasalimiana kwa meno. Ila mama ana presha, na dawa zake zinatoka kliniki ya Kakamega mjini. Jumamosi moja mvua ilikuwa imekesha, barabara imekuwa uji, hakuna bodaboda aliyekubali kuja. Akasimama mlangoni kwangu na kitambaa cha kanisani kichwani. Hakuomba. Alisema tu kwamba dawa zimeisha, akapanda nyuma. Hakunishika kiuno kama abiria wengine. Alishika keria ya nyuma, mkono mmoja kila upande, mgongo wima.

Sasa, kwetu Jumamosi asubuhi ni siku ya fahali kupigana. Mtu anayetoka kwetu hahitaji kuambiwa. Ukikutana na fahali anapelekwa uwanjani, unasogea kando, unazima injini, unanyamaza mpaka apite. Na kuna kitu kimoja ambacho hata mlevi hakifanyi: humtaji fahali wa watu wengine mbele yake. Watu wake wamekesha naye, wamemwimbia, wamempandisha moyo. Ukimsifu mwingine pale, umemvunja, na wao umewatukana mama zao.

Tulikutana nao kwenye mteremko, mahali ambapo barabara imebanwa na ua wa miti pande zote. Kwanza zilikuja ngoma, zile isukuti zinazokufanya tumbo litetemeke. Kisha vijana wenye matawi na fimbo, wanakimbia na kuimba, matope mpaka magotini. Kisha yeye, mweusi, shingo pana, pembe zimechongwa zikang'aa. Nikasogea kando, nikazima, nikatanua miguu kwenye utelezi nishike uzito. Ncha za vidole tu ndizo zilizofika chini.

Mama mkwe wangu amezaliwa kwenye boma la fahali. Kaka yake anaye mmoja, na asubuhi hiyo huyo mweusi alikuwa anakwenda kupigana naye. Mimi sikujua. Yeye alijua tangu ngoma ya kwanza. Nikasikia siti imekuwa nyepesi. Alikuwa amesimama juu ya vikanyagio, bibi wa presha, akapiga vigelegele vya kupasua sikio, akamtaja fahali wa kwao kwa jina, na baba yake, na babu yake, na waliotobolewa matumbo na kila mmoja wao.

Wimbo ulikatika. Kijana wa jezi nyekundu akatoka kwenye kundi akamchapa fimbo ya mgongo, nikasikia mlio wake kwenye kifua changu mwenyewe. Mama hakulia. Aliidaka fimbo akavuta, na kijana akavuta, na mimi nikageuka nikampiga kijana kiwiko cha mdomo. Hapo ndipo uzito ulipohama. Guu langu la kulia likateleza, nikaushika usukani kwa nguvu zangu zote, lakini kitu kizito kikishaamua kwenda kinakwenda. Nikarukia pembeni. Mama hakuruka. Ikamlalia mguu, na bomba la moshi likakaa juu ya ngozi yake.

Ule mlio wa nyama kwenye chuma cha moto bado nausikia nikikaanga chochote. Akapiga kelele moja tu. Petroli ikaanza kutiririka kwenye tope karibu na gauni lake. Nikainua kichwa kuwaomba wale vijana msaada, nikaona wanakimbilia ndani ya ua, wote, na fimbo zao na uume wao. Fahali alikuwa amegeuka. Kamba ilimponyoka mshikaji, naye alikuwa anarudi kwetu taratibu, kichwa chini, anachimba udongo na kuurusha mgongoni.

Nikaushika usukani nikavuta. Haikusogea hata kidogo. Nikavuta tena, mikono ikateleza, nikaanguka juu ya tangi na mguu wa mama ukabanwa zaidi. Nililia kwa hasira. Nilimtukana padri, nikamtukana mume wangu kaburini, nikaupiga usukani ngumi kana kwamba ungeniogopa. Nilikuwa naona funguo zikienda kwa shemeji, na naona mguu unaungua, na sikujua nakilia kipi.

Mama akanishika sketi. "Wewe, gunia la mahindi unainuanga na mikono? Geuka. Lipe mgongo."

Nikaelewa. Gunia la mahindi halikabiliwi kwa uso. Unachuchumaa, unalipa mgongo, unainuka na mapaja. Nikazungusha usukani mpaka mwisho, nikageuka, nikakandamiza makalio kwenye siti, mkono mmoja usukani, mmoja keria, visigino nikavichimbia tope. Lakini kwa kugeuka hivyo fahali alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia anapumua, simuoni. Mama peke yake, pale chini alipolala, ndiye aliyemuona.

Nikamuuliza yuko wapi.

"Ameenda," akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu anayekuambia chai iko tayari. "Wamemshika. Inua pole pole, usiteleze."

Basi nikainua pole pole. Nikasukuma na miguu, nikarudi nyuma hatua, nikasukuma, mapaja yanatetemeka, kitu kikakatika kiunoni na sikujali. Mama akajivuta kwa viwiko, akautoa mguu. Pikipiki ikasimama. Na iliposimama tu ikagongwa kutoka upande wa pili kishindo kilichonitupa juu ya mama. Taa ya mbele ikapasuka, vioo vikatumwagikia. Pembe ilikuwa imeingia pale ambapo punde tu palikuwa na mgongo wangu, na pikipiki ikaegemea ukingo wa barabara, haikuanguka. Mpiga ngoma mmoja, Mungu ambariki, akaanza tena isukuti akiwa ndani ya ua. Fahali akainua kichwa, akasikiliza, akaifuata ngoma kama alivyozoeshwa.

Yule wa jezi nyekundu akarudi akiwa bado na fimbo, mdomo unavuja damu, anatuita wachawi. Nikavua helmeti nikampiga nayo. Nikampiga usoni, alipoinama nikampiga kisogoni, na alipokaa chini nikaendelea. Sikuwa naona vizuri. Walinitoa juu yake watu wanne, na mimi nilikuwa bado nataka. Sijawahi kujutia hata pigo moja.

Nikampakia mama, pikipiki haina taa, usukani umepinda, nikaenda nayo hivyo hivyo mpaka hospitali mjini. Kifundo kilikuwa kimevunjika, na ngozi ya mguu imetoka upana wa kiganja.  Njia nzima alipiga kwenzi kwenye mashimo tu.

Alipotolewa hospitali na plasta, ukoo ukajaa sebuleni kwake bila kuitwa. Baba mkubwa alikaa kiti cha mikono. Shemeji alikuwa tayari na helmeti mpya kwapani, amevaa na koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Mama alikaa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, kikombe cha chai mkononi. Baba mkubwa akakumbusha maneno yake ya matanga, kwamba ikimwangusha mtu wa nyumba hii hakuna kikao kingine. Akanyoosha kiganja.

Nilikuwa na funguo mfukoni, zimenichoma paja. Ningesema nini? Mkwe aanze kumsuta mama wa watu kwamba alisimama juu ya pikipiki akipiga vigelegele, naye yuko pale na plasta? Nani angeniamini? Mama alikuwa anapuliza chai yake, hanitazami. Nikazitoa funguo. Nikasema moyoni kwamba leo huyu mama amenimaliza.

"Weka," mama akasema.

Baba mkubwa akamuuliza aweke nani.

"Yeye aweke mfukoni. Hiyo kitu mimi ndiye niliiangusha, na huu mdomo wangu. Yeye ndiye aliiinua, fahali akiwa mgongoni kwake."

Shemeji akacheka, akawaambia wazee kwamba dawa za hospitali zimemlewesha mama. Akapiga hatua, akanishika mkono wenye funguo. Chai ikampata kifuani, yote, ya moto, na kikombe kikafuata kikampata kwenye jicho. Akaruka akipiga mayowe, helmeti mpya ikabingirika mpaka miguuni pa baba mkubwa, ambaye aliitazama, akakohoa, akasema kikao kimekwisha.

Walipoondoka nikabaki nafuta chai sakafuni. Nikamuuliza kwa nini aliniambia fahali ameenda.

"Ungejua ungekimbia."

Nikamwambia nisingekimbia, hata siku moja.

"Ungekimbia," akasema. "Mimi kama ni wewe, na vile nimekufanyia, ningekimbia."

Nikaokota kikombe. Kilikuwa kimevunjika mkono tu. Nikakisuuza, nikamwongezea chai.