Kumi na Saba kwa Chaki

Fundi viatu yule karakana yake imo mle mle hospitalini, kichumba cha kubanana kati ya maabara na stoo ya mashuka. Watu hudhani kapotea njia. Hakupotea: aliitwa na daktari wa kisukari. Daktari anafanya utafiti. Kawapa wagonjwa sitini viatu vipana, laini ndani, aone kama vidonda vya miguu vitapungua. Maana sukari ikikaa juu miaka mingi huua mishipa ya fahamu. Mtu anakanyaga msumari na anaendelea kupiga soga.

Fundi ndiye anayevishona, na kila mwezi hubadilisha soli za ndani. Kabla ya kukabidhi kila jozi aliandika namba chini yake kwa chaki, asije akachanganya. Chaki ya soli haifiki hata getini.

Mwezi ulipoisha, namba kumi na saba akaingia: shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mwalimu mstaafu. Kongosho lake lilishachoka kutengeneza insulini, anajichoma sindano kila siku, na kidole kimoja cha mguu wa kushoto kilishakatwa. Ulimi tu ndio mzima.

"Fundi uchwara, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Viatu vinasemaje?"

"Navivaa kila siku. Fomu nimeshajaza, vema kila siku." Akavitoa kwenye mfuko.

Kwenye mfuko! Fundi akavigeuza. Kumi na saba ipo, nyeupe pee, kama imeandikwa asubuhi ile.

Akajikuna kichwa. Akisema, mkewe atamkalia kooni wiki nzima kwa kumuumbua dada yake. Akinyamaza, daktari ataamini viatu vilivaliwa, na ule mguu utakwenda kidole kimoja kimoja.

"Hebu vua hivyo vya miguuni, shemeji."

Vilikuwa vyekundu, vimechongoka mbele kama mdomo wa kunguru. Akakung'uta cha kushoto. Kikadondoka kifungo, ta!

Mwalimu akakitazama, kisha akaitazama blauzi yake. "Nakitafuta tangu juzi," akasema polepole.

Fundi akauinua unyayo. Duara jekundu, na katikati ngozi imeanza kuchubuka.

"Viatu vyenu kama maboga," mwalimu akajitetea. "Wanafunzi wangu wananiona barabarani!"

"Ukiwa na magongo watakuona vizuri zaidi."

"Mshenzi wewe." Lakini hakucheka. "Usimwambie daktari."

"Simwambii. Utamwambia mwenyewe, mlango ule pale. Umbo la kiatu siruhusiwi kubadili, ila nje nitakupakia rangi. Nyekundu."

Akaenda, anaburuta miguu kama mtoro aliyekamatwa. Nesi akasafisha kidonda. Daktari akazikata zile alama zote za vema kwenye fomu kwa kalamu nyekundu, na mwalimu, aliyesahihisha watu miaka thelathini, safari hii akasahihishwa yeye.

Mwezi uliofuata alikuja navyo mguuni, vyekundu, vipana vile vile. Kidonda kimefunga. Fundi akavigeuza: namba haipo, na kisigino kimeanza kulika.

"Shemeji, umenifutia maandishi yangu."

"Andika tena," akasema mwalimu, "na safari hii kwa mwandiko wa kueleweka. Ile saba yako ilikuwa kama moja."