Soda ya Mama Mkwe

Jamani, urefu ni mzigo. Kabla ya korona, timu ya kikapu ya kulipwa kutoka Japani ilikuja Houston kucheza mechi ya kirafiki. Nikatoka kazini, mimi ni nesi, nikawapeleka ukumbini mke wangu na mama yake aliyekuja kututembelea kutoka Moshi. Kwa mbwembwe zangu nikanunua jezi ya Wajapani, nikaivaa palepale.

Mama mkwe akataka soda. Nikiwa naitafuta, mlinzi akaona jitu jeusi, refu, lenye jezi. Timu ile ilikuwa na wachezaji weusi wa kukodi, basi akafoka, "Umechelewa!" akanisukuma kupitia mlango wa wachezaji hadi benchini kwao.

Ningekataa, lakini benchi lilikuwa na ndizi, na kwetu mgeni akikaribishwa hakatai. Nilikuwa namenya ya pili kocha, mzee wa watu, aliponisemesha Kijapani. Sikuelewa hata neno, ila mtu mzima akisema unaitikia. Nikaitikia kwa kichwa. Akanionyesha uwanja, niingie kucheza.

Nikasimama, ndizi mkononi, kroksi za wodini miguuni. Ukumbi mzima ukanikodolea macho. Ndipo kutoka juu kabisa ikashuka sauti ya mke wangu:

"Baba Neema! Soda ya mama iko wapi?"