Hatua za Mama

Mume wangu alikuwa fundi seremala, na kama mafundi wote niliowahi kuwajua, mlango wa nyumba yetu wenyewe ulifungwa kwa kamba. Tulikuwa tunakaa Masasi, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, yeye akifanya kazi kwenye karakana ya misheni na mimi nikilea mtoto wetu wa kwanza. Likizo yake ilikuwa siku kumi na nne kwa mwaka. Mwaka ule tulizigawa kabla hazijafika: saba za kumwezekea mama yangu paa la bati kule Mnyambe, juu Newala, na saba za kwenda Mikindani kwa dada yake mume wangu, kula samaki na kukaa bila kazi. Niseme kweli, mimi zile saba za kwanza niliziona kama nauli tu ya kufikia zile za pili. Nilikuwa nimeshanunua doti mbili za kanga za kuvalia pwani, nikazikunja chini ya sanduku, na kila nikifungua sanduku nilizigusa.

Paa la mama halikuwa la fahari. Kule juu maji hakuna. Wanawake huteremka mteremko mzima hadi bondeni, wakajaza, wakapanda tena na mzigo kichwani, na wanaondoka alfajiri ili warudi jua halijawa kali. Mama alifanya hivyo maisha yake yote, mpaka mwaka mmoja kabla ya huo alipoteleza njiani, mtungi ukavunjika na goti likaharibika. Mjomba wangu, kaka yake mkubwa, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye neno juu ya dada zake, akatoa neno lake: mvua zikianza atakuja kumchukua akaishi kwake bondeni, karibu na maji. Alisema hivyo kwa mapenzi, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumbishia. Mama hakubisha. Aliniambia mimi tu, kwa sauti ndogo, kwamba akitoka pale ametoka, kwa sababu mikorosho yake ipo pale na kaburi la baba lipo pale, na yeye hajui kuishi kwenye uwanja wa mtu mwingine. Bati likitega mvua ya kutosha, mjomba hangekuwa na la kusema.

Kwa hiyo mume wangu alipanga paa, mifereji ya bati pembeni, na tangi la saruji la kuchimbia ardhini. Alitaka kuziunda kenchi zote za kubebea bati hukohuko karakanani Masasi, zikiwa tayari za kupandishwa tu. Tatizo likawa vipimo. Kwetu mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, wala haongei naye ana kwa ana, wala hasogei karibu na chumba anacholala. Tangu tuoane alikuwa amefika Mnyambe mara mbili, na mara zote mbili alikaa kwa majirani, ng'ambo ya uwanja, akiitazama mikorosho. Nyumba ya mkwe wake aliijua kwa mbali tu. Nikaandika barua mimi. Kwa kuwa mama hana rula wala hajui futi ni kitu gani, nikamwambia apime kwa hatua.

Jibu lilikuja kwa mkono wa jirani aliyejua kuandika: urefu hatua kumi, upana hatua sita. Mume wangu akatoka uani na kile kikaratasi, akapiga hatua kumi, akaweka jiwe, akapiga sita, akaweka jiwe jingine. Mume wangu alikuwa mrefu, mtu wa kuinama kwenye kila mlango. Mimi nilikuwa nachambua kisamvu, nikaona mawe yale yalivyoachana, nikajua ni mbali mno. Utoto wangu wote nilitembea nyuma ya mama kwenda majini. Nilizijua hatua zake, tena hizo ni za kabla ya goti kuumia. Lakini kusema kungekuwa barua nyingine, na majibu ya wiki tatu nyingine, na likizo ingepita, na Mikindani ningeisikia kwa watu. Nikaendelea kuchambua kisamvu.

Safari yenyewe ilitukomoa mapema. Lori tulilopanda pamoja na mbao, bati na mifuko ya saruji lilikwama kwenye mchanga tulipokuwa tumeanza kupanda kuelekea Newala, tukalala hapo siku mbili. Siku ya pili ikanyesha mvua ambayo haikuwa imetarajiwa hata kidogo. Turubai lilifunika mbao vizuri sana, mbao ambazo zisingedhurika. Saruji ililoana. Tulipofika Mnyambe mifuko ilikuwa imeganda mawe matupu, na mume wangu aliupiga teke mmoja, akaumia kidole.

Mama naye, kwa furaha yake, alikuwa hajatungoja. Aliwaomba majirani wamtolee nyasi zote za paa la zamani ili mkwe akifika asipoteze muda. Tulikuta kuta zimesimama, juu mbingu tupu, na mawingu yanapita. Alikuwa akilala jikoni, kwenye kibanda cha nyuma. Mume wangu akanituma niingie kwanza, kwa sababu akipanda juu ya ukuta angekiona chumba cha mkwe wake chote, kitanda na vikapu na kila kitu, na hilo lilikuwa aibu isiyosemeka. Nikatafuta cha kufunika. Hakikuwepo kitu kipana cha kutosha. Nikafungua sanduku, nikatoa kanga zangu za Mikindani, nikazishona mbilimbili na kuzitandaza juu ya chumba cha mama kutoka ukuta hadi ukuta. Nilizishona kwa hasira, sindano ndefu, mishono mibaya.

Ndipo akapanda na rula yake. Alipima urefu, akapima upana, akapima tena. Akashuka, akaenda kwenye kenchi zilizolala uwanjani, akazipima nazo, kama vile zingeweza kuwa zimepungua njiani. Nyumba ilikuwa futi ishirini kwa kumi na mbili. Paa alilolileta lilikuwa la futi thelathini kwa kumi na nane. Alikaa chini juu ya bati. Kisha akaanza kumlaumu yule jirani mwandishi, kwamba ameandika vibaya, kwamba hajui hesabu, kwamba shule aliyosoma imempotezea muda. Mimi nikamwacha amlaumu. Siku mbili nzima mtu yule alitupiwa lawama nami nikampa shikamoo kila asubuhi bila kumtazama vizuri.

Uamuzi wake ulikuwa kuzikata kenchi zote na kuziunga upya. Kazi hiyo ilitaka siku nne au tano, na Mikindani ikafa papo hapo. Nilikasirika na mvua, na lori, na mume wangu kwa kuwa na miguu mirefu, na zaidi ya wote nilijikasirikia mwenyewe, lakini hilo la mwisho sikulisema. Asubuhi alipokuwa ananoa msumeno nilibeba ndoo nikateremka bondeni, maana angalau kule ningeweza kulia bila kuulizwa.

Niliporudi, shingo ikiuma, niliyaona mambo ambayo sijawahi kuyaona tena. Mama alikuwa amesimama upande mmoja wa nyumba, amempa mume wangu mgongo, uso karibu na ukuta. Mume wangu alikuwa uwanjani nyuma yake, kwa mbali, amepiga goti juu ya kenchi ya kwanza, msumeno mkononi, macho chini. Mama alikuwa anaongea na ukuta.

"Wewe ukuta," alisema, "mwambie mkwe wangu asikate."

Mume wangu hakujua desturi inasemaje hapo. Mwisho akaugeukia ukuta uleule. "Ukuta, mwambie mama kwamba paa ni kubwa kuliko nyumba."

"Mwambie nimeliona. Paa kubwa ndilo linaloshika maji. Achimbie nguzo huku nje pande zote, aliweke juu ya nguzo. Nyumba itafuata."

"Ukuta, niulizie nguzo nitazitoa wapi."

"Mwambie zipo nyuma ya jiko. Za mpingo. Marehemu alizikata za kujengea nyumba kubwa, na nyumba hakuijenga."

Nilisimama na ndoo yangu kichwani, maji yakinitiririka usoni, sithubutu kuitua. Mume wangu aliuweka msumeno chini taratibu. Akauambia ukuta kwamba amesikia, na akaushukuru. Mama akarudi jikoni bila kugeuka, akichechemea, na nikamsikia anapuliza moto.

Nguzo za baba zilikuwepo kweli, zimefunikwa na magugu, nzito kama chuma, mchwa hawakuzigusa. Majirani wakaja kuchimba, hata yule mwandishi, ambaye sasa mume wangu alimkaribisha kwa adabu ya kupita kiasi. Kwa kuwa saruji ilikuwa imekufa, mume wangu akaenda Newala mjini akamrekebishia mwenye duka mmoja milango yake iliyopinda, akarudi na malipo yake, mapipa matatu yaliyokuwa ya mafuta ya taa. Tuliyasugua kwa majivu na mchanga mpaka mikono ikachubuka, na bado yalinuka. Siku za Mikindani zilipita moja moja juu ya paa la mama. Ile ya tisa nilikuwa nimeshika ngazi, nikagundua kwamba sijaifikiria pwani tangu asubuhi.

Siku ya kumi na mbili mjomba akafika. Alikuja na baiskeli, na nyuma ya baiskeli kamba mbili mpya za kufungia mizigo ya mama. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaanza kuizunguka nyumba. Bati lilikuwa limekaa lote, na kuzunguka nyumba kulikuwa na baraza pana ambayo hakuna nyumba ya pale iliyokuwa nayo. Ila mfereji ulikuwa umefungwa upande mmoja tu. Upande wa pili ulining'inia kwa msumari mmoja, kwa sababu misumari ilituishia.

Mjomba alisema nyumba ni nzuri. Kisha akasema bati halinywewi. Mama akaingia ndani, na nikamsikia anaanza kukunja mkeka wake. Ile sauti ya mkeka sijaisahau.

Mvua ikashuka kabla hajamaliza kukunja. Iligonga bati kwa kelele ambazo hakuna aliyezizoea, mtoto akaangua kilio mgongoni kwangu. Tukakimbilia barazani sote, mume wangu akijibana pembeni kabisa ili asikae karibu na mkwe. Maji yakakusanyika kwenye mfereji, yakasita kidogo, halafu yakaingia kwenye pipa la kwanza. Mjomba akasogea. Akaligonga pipa kwa kidole, likalia tupu. Akangoja. Akaligonga tena juu kidogo, na tena juu kidogo, na kila mara sauti ilikuwa nzito zaidi, mpaka maji yakamwagika kwenye miguu yake.

"Hili limejaa," alisema. "Leteni lingine."

Tukalisukuma la pili. Upande wa pili maji yalikuwa yanamwagika bure chini, na mume wangu aliyatazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake wanapotea. Mjomba naye aliyatazama. Akaenda mvuani kwenye baiskeli yake, akafungua zile kamba mbili alizokuja nazo, akampa mume wangu moja, yeye akashika nyingine, wakaufunga mfereji kwenye nguzo wakiwa wameloa chapachapa. Maji yakaingia kwenye pipa la tatu. Ndani, mama alikuwa ameutandika mkeka tena. Nililia wazi, mbele ya kila mtu, kwa jinsi nilivyofarijika, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Mvua ilipokatika mjomba aliomba maji ya kunywa. Akanywa, akakunja uso, akasema yananuka taa. Akaomba tena. Kisha akapanda baiskeli yake tupu, akarudi bondeni bila kamba zake.

Siku ya kuondoka, wakati mume wangu amekwenda kutafuta lori, nilimfuata mama barazani nikamweleza. Nilimwambia kwamba kosa la vipimo halikuwa la jirani bali langu, kwamba nilimwona mume wangu anapima kwa miguu yake, nilijua hatua za mama ni fupi, nikanyamaza kwa tamaa ya Mikindani. Nilitaka anigombeze. Alikuwa anamenya muhogo, na hakuacha kumenya.

"Mwanangu," alisema, "mkwe ni wa kuinamiwa. Mimi uso wa mume wako siujui mpaka leo. Lakini mtu ukimwinamia unaona nini?"

Akachukua muhogo mwingine.

"Miguu yake naijua sana," alisema, akatupa muhogo sufuriani.

Nikakumbuka ile barua: hatua kumi, hatua sita, bila neno jingine. Mama alipima kwa hatua zake fupi akijua kabisa ni miguu ya nani itakayozipima upya kule Masasi. Alikuwa amejipatia paa kubwa bila kumwomba mtu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akaniambia nipunguze sauti, mkwe asije akarudi akasikia.

Mume wangu sikumwambia kamwe. Kanga zangu zilibaki juu ya chumba cha mama, na Mikindani nilifika baada ya miaka sita, nimevaa gauni la zamani.