Vidonge vya Wiki Nzima kwa Mara Moja

Sogea karibu, mwanangu, unisikilize. Nakumbuka siku moja, nikiwa bado msichana hapa Nchelenge, kaka yangu Mulenga alirudi kutoka kambi ya kuvua chisense, dagaa wetu wa ziwa Mweru. Moyo wake ulikuwa na tabia ya kwenda ovyo, mara mbio, mara unasita, na hospitali ilimpa digoksini, kidonge kimoja kila asubuhi. Safari hiyo alikuwa ameviacha vidonge nyumbani. Wavuvi hukaa kambini wiki nzima ya usiku usio na mbalamwezi, hawarudi kwa ajili ya kitu kidogo. Basi alipofika akameza vyote saba alivyovikosa, kwa mpigo mmoja.

“Yaya,” nikasema, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, “umefanya nini?”

“Moyo ilishinda njaa wiki muzima,” akacheka. “Leo nimeipikia sherehe.”

Kesho yake hakutaka hata kunusa samaki. Alitapika, akasema mchanga, chisense zilizoanikwa, hata uso wangu, vyote vimekuwa manjano. Mama akaona ni malaria, akatoa kwinini iliyobaki ndani. Nikamshika mkono.

“Mama, hapana. Hatujajua ni nini.”

“Weye mutoto utanifundisha ugonjwa?”

“Utanipiga kesho. Leo tunaenda.”

Nikampakia yaya kwenye baiskeli ya jirani, nikaisukuma mpaka hospitali. Daktari alimshika mkono, akahesabu mapigo, akaacha kutabasamu. Moyo ulikuwa unapiga polepole mno. Walimlaza, wakamlinda mpaka dawa ikapungua mwilini.

“Ukikosa kula wiki,” daktari akamuuliza alipopata nafuu, “unakula bukari, ugali wa wiki muzima, mara moja?”

“Hapana, dokta,” akajibu yaya, mpole kama mtoto.

Mwanangu, dawa hii hutuliza mwendo wa moyo, lakini kipimo kinachosaidia kimekaa karibu sana na kile kinachodhuru. Hutoka mwilini taratibu, kupitia figo; ukiiongeza, inarundikana. Na kwinini ile ingeizuia zaidi kutoka. Mama angemmaliza mwanawe huku anamhurumia.

Kwa hiyo wewe uliyepewa vidonge hivihivi, usiogope dawa ya moyo, wala usiiache kwa kuamua mwenyewe. Ukienda ziwani, nenda nayo. Kabla ya kumeza dawa nyingine yoyote, hata ya malaria, mwambie muuguzi unachotumia. Ukitapika au ukiona manjano, usimeze tena. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mungu akulindie moyo wako, uzeeke nao. Na ukisahau kidonge cha leo mpaka kesho, kiache. Meza kile cha kesho, kimoja tu.