Bomba la Kuku na Koti la Mzee

"Kuku hajawahi kunizidi akili," anasema fundi cherehani mmoja, ameinama uani asubuhi na mapema, akilikagua bomba la plastiki alilolifunga ukutani. Analigonga kwa kidole. "Ukiacha wiki hii."

Majirani humwita Mama Tetea. Anafuga kumi na wawili nyuma ya chumba cha kushonea, na mayai yao ndiyo hununua uzi wateja wa nguo wanapoadimika. Wiki hii mayai yamepungua nusu.

Zamani aliwawekea chakula kwenye sinia, chini.

"Kuku na sinia? Anapanda juu kama bibi harusi, anaparua, ananyea, kisha anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyechafua."

Ndipo akanunua bomba, akalifunga kiwiko, kile kipande kilichopinda, upande wa chini, mdomo wake ukakaa usawa wa mgongo wa kuku. Kula anakula, kuparua hawezi. Gunia la wiki mbili likaanza kufika ya tatu.

Sasa bomba limejaa tangu juzi na kuku hawaligusi. Mumewe, fundi saa aliyestaafu, ana jibu lake.

"Mke wangu, kuku hali kwa mrija. Mayai yasiporudi kufikia Jumamosi, bomba nalifanya la maji ya mvua."

"Na wewe huwapi kitu pembeni?" mkewe anamuuliza.

"Mimi? Kuku na mimi hatujuani hata kwa salamu."

Mama Tetea hana wasiwasi na bomba lake. Anasema makombo hayakatazwi, ila ni kidogo, jioni, kuku wakishakula chakula chao.

"Kuku ni kama mtoto. Mshibishe andazi mapema, maharage atayaona adui. Tumbo limejaa, yai litajengwa na nini?"

Mwezi ujao anataka kuongeza vifaranga ishirini na bomba la pili. Anafungua mlango wa banda ili mwandishi wa makala haya aone wanavyokula.

Kuku wanalipita bomba mbio, kundi zima, hadi mlango wa nyumba, ambako mzee ndiyo kwanza anatoka na koti lake. Tetea mwekundu anaruka, anadonoa mfuko wa koti. Kipande cha mkate kinaanguka.

"Wamenifananisha," anasema mzee.

"Wanakusalimu, baba," anajibu mkewe. "Waitikie."