Mama Mukubwa na Trisikli ya Msaada

Serikali moja ya mbali, ya nchi ambayo theluji yake tumeiona kwenye televisheni tu, iliamua kwamba wanawake na wasichana wa huku kwetu wasaidiwe. Sijui ilifikaje kwenye uamuzi huo. Ninachojua ni kwamba msaada ulipofika mjini kwetu Likasi ulitua mtaa wa Panda, katika chama chetu cha akina mama wauza samaki, na ulikuja kwa umbo la trisikli: pikipiki nyekundu yenye magurudumu mawili nyuma na sanduku la chuma la kubebea mizigo.

Tuliihitaji kweli. Samaki wetu wanatoka ziwa Tshangalele, na wenye magari walikuwa wanatupakia mwisho, baada ya makaa, mihogo na mbuzi wa watu. Tukifika sokoni, samaki wamechoka kuliko sisi. Kwa hiyo watu wa mradi walipokuja kuuliza tunataka nini, mama mukubwa alijibu kabla swali halijaisha. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea, na ndiye mwenyekiti wa chama.

"Tunataka kintu ya kubeba samaki," alisema. "Na isikuwe ya bwana ya muntu."

Lakini kabla ya trisikli yalikuja mafunzo. Mradi ulimtuma mwalimu kutoka Lubumbashi, bwana mpole mwenye miwani, ambaye alipanga viti vya ukumbi wa parokia kwa duara na kutuambia kwamba siku hiyo tutazungumza juu ya genre. Sasa kwetu genre ni neno la Kifaransa la kila siku, maana yake ni aina. Genre ya samaki, genre ya kitenge. Mama mukubwa akangoja amalizie. Hakumalizia.

"Genre gani?" akauliza.

"Genre, mama. Genre tu."

"Nimesikia. Genre ya nini?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaanza upya. Akaeleza kuwa ni mambo ya wanaume na wanawake: nani anafanya kazi gani nyumbani, nani anaamua, nani anakaa kimya.

"Aa, mambo ya ndoa," akasema mama mukubwa. "Hiyo padri alishatufundisha. Lakini endelea, labda yako iko na samaki ndani."

Akaendelea, na kusema kweli alifundisha vizuri. Akina mama wengine waliongea mambo ambayo sikuwahi kuyasikia yakisemwa kwenye duara la viti. Mwishoni ndipo alipotoa sharti la mradi: atakayeendesha trisikli lazima awe mwanamke. Tukatazamana. Wachache wetu walijua baiskeli. Mmoja alisema ameendesha cherehani ya miguu maisha yake yote, kama hiyo inahesabika. Mama mukubwa akainua mkono.

"Minye nilikuwa naikala nyuma ya pikipiki ya bwana yangu akienda kazi na akirudia," alisema. "Byote alikuwa anafanya na mikono, nilikuwa naona. Na miguu pia."

Marehemu mume wake alikuwa fundi wa kiwanda, na pikipiki hiyo ilikufa kabla yake. Mama mukubwa mwenyewe alikuwa ameshapita miaka sitini, na goti lake moja lilikuwa halikunjiki vizuri. Lakini hakuna aliyethubutu kumwambia hawezi. Mwalimu ndiye angethubutu, ila alikuwa ametumia asubuhi nzima kutueleza kwamba hakuna kazi ambayo mwanamke hawezi.

Shida ilikuwa nani atamfundisha. Mume wangu anaendesha taksi-moto, pikipiki ya abiria, kwa hiyo wote waligeuka kunitazama mimi, nami nikageuka kutazama ukuta. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani ovyo. Haongei naye kwa kelele, hamtazami machoni, hamgusi, na kumwamuru ndiyo kabisa haiwezekani. Mtu mwenye haya kama mume wangu akimwona mama mukubwa anakuja barabarani, anavuka upande wa pili na pikipiki yake.

Tukapata njia. Trisikli ilipoletwa, mafunzo yalifanyika kwenye uwanja wa mpira wa parokia. Mama mukubwa alikaa kwenye trisikli. Mume wangu alisimama mbali, karibu na kibendera cha kona, akiangalia chini. Mimi nilisimama katikati, nikipeleka maneno.

"Umuambie mama," alisema mume wangu kwa sauti ya kanisani, "kama inamupendeza, apunguze mwendo kidogo."

"Mama mukubwa," nikapaza sauti, "mukwe wako anasema, kama inakupendeza..."

Lakini alikuwa ameshaingia golini. Alipita na wavu wote, akatokea nyuma ya goli ukiwa umemfunika kichwa, na injini ikazimika yenyewe. Watawa waliokuwa wanapalilia kabichi pembeni wakasimama na majembe yao. Mama mukubwa alikaa wima ndani ya wavu kama askofu.

"Nimuambie nini?" nikamuuliza mume wangu.

Akakinyoosha kibendera cha kona.

"Umuambie mama ameanza vizuri."

Hivyo ndivyo alivyojifunza, jioni baada ya jioni, amri zote zikimfikia zimevaa nguo za heshima na zimechelewa. Kwa sababu kabichi za watawa zilikuwa upande wa kulia, alizunguka uwanja kwa kushoto tu. Akawa fundi wa kushoto. Kulia alikuwa anakuongelea kama mtu anavyoongelea safari ya Ulaya: siku moja, Mungu akipenda.

Siku ya kukabidhiwa trisikli rasmi ikawa Jumamosi. Mgeni alitoka mbali, mama mrefu mwenye kucheka haraka, aliyetumwa na ile serikali kuona jinsi fedha zake zinavyosaidia wanawake. Aliongea Kiingereza. Alikuwa na mkalimani kutoka Kinshasa aliyegeuza Kiingereza kuwa Kifaransa, lakini hakujua Kiswahili chetu, kwa hiyo mimi, niliyesoma kwa masista, niligeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Trisikli tuliifunga riboni na mapulizo meupe, na ndani ya sanduku tukaweka mabenchi yaliyofunikwa vitenge.

Mgeni aliongea muda mrefu. Mkalimani akaongea muda wa kati. Nikafika mimi, jua limeshakuwa kali na akina mama wamesimama, nikasema:

"Anasema aksanti kwa kumupokea, na wasichana wasome."

Mama mukubwa akajibu.

"Umuambie tunamushukuru sana. Umuambie pia barabara ya kwenda Tshangalele imeoza. Kama kule kwao kuko lami inabakia, asitusahau. Na umuulize kama amekula."

Nikayasema yote kwa Kifaransa. Mkalimani akainama sikioni kwa mgeni, akasema maneno matatu au manne. Mgeni akaweka mkono kifuani, macho yakamlowa.

Kisha akaomba kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Alitaka kupanda trisikli, ikiendeshwa na mwenyekiti mwenyewe. Nilimwona mwalimu akifungua mdomo na kuufunga. Tulipanda: mgeni, mkalimani na mimi. Mpango ulikuwa kuzunguka mtaa na kurudi, na kwa kuwa mzunguko wote ulikuwa wa kushoto, sikuwa na hofu.

Kona ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, watu walitoka nje ya nyumba kushangilia. Tukikaribia ya tatu, nikasikia honi nyingi kwa pamoja, na msafara wa harusi ukatokea ukielekea kushoto, magari yote yamefungwa riboni na mapulizo meupe. Mtu mmoja alikuwa amening'inia dirishani na kitambaa, anaongoza. Akaona trisikli nyekundu yenye riboni na mapulizo, na ndani yake mgeni aliyevaa vizuri. Akasimamisha gari la nyuma yake, akatupisha kwa heshima kubwa.

Mtu mwingine angekata kulia akaondoka. Mama mukubwa aliangalia kulia mara moja, kama mtu anayechungulia kisima, akakata kushoto. Tukaingia kwenye msafara, nyuma tu ya gari la maharusi.

Mgeni alisema kitu. Mkalimani akaniambia kwa Kifaransa kwamba anauliza tunaenda wapi.

"Mama mukubwa," nikasema, "mugeni anauliza tunaenda wapi."

"Umuambie tunafuata bantu."

Nikamwambia mkalimani kwamba tunawafuata watu. Sijui yeye alisemaje, lakini mgeni alitikisa kichwa kwa uzito, kama aliyeambiwa jambo la maana, akaanza kupunga mkono.

Kwenye ukumbi wa harusi tulishushwa kwa vigelegele. Upande wa bwana harusi walidhani mgeni ameletwa na upande wa bibi harusi, na upande wa bibi harusi walidhani vilevile kinyume chake. Wote wawili walifurahi. Mgeni akakalishwa meza ya mbele, mkalimani pembeni yake, mimi na mama mukubwa tukafuata kwa sababu hakuna aliyetukataza. Likaja bukari, ugali wetu, na juu ya bukari samaki. Mama mukubwa akamgeuza samaki wake, akamtazama tumboni.

"Huyu ni yetu," akasema. "Umuambie mugeni huyu tulimutoa Tshangalele sisi wenyewe."

Mgeni alipoambiwa hivyo akaacha uma, akala kwa mkono, akala mpaka miba ikabaki safi. Baadaye muziki ulipoanza akavua viatu. Hakuwa anajua kucheza, lakini alicheza bila kuomba radhi, na shangazi za bibi harusi walimzunguka wakamfundisha kiuno. Mkalimani wake alishikilia viatu.

Kisha mwongoza sherehe akatangaza kwamba mgeni wetu wa mbali atawapa maharusi mawaidha. Mgeni alidhani ni sehemu ya ziara, akasimama na kurudia hotuba yake ileile ya asubuhi. Safari hii sikuikata. Nilisema kila kitu: kwamba mwanamke akiwa na kazi yake mwenyewe nyumba yote inasimama, kwamba binti asitolewe shule kwa sababu kaka yake anaingia, kwamba mume na mke waamue pamoja. Asubuhi niliona ni hotuba ya ofisi. Pale, mbele ya wale wawili walioshikana mikono wakitokwa jasho, ilikuwa maneno ya kumwambia mtu. Bibi harusi aliitikia "ndiyo" kila nilipopumua. Bwana harusi naye akaanza kuitikia, kwanza polepole. Mama wa bibi harusi alipiga kigelegele kirefu hadi mwenye ngoma akadhani ni ishara, akaanza kupiga.

Katikati ya hayo mwalimu akaingia, shati limelowa mgongoni. Walikuwa wametutafuta Panda nzima kwa gari la mradi. Mgeni akamshika mikono yote miwili. Mkalimani akatafsiri: mama anasema ameziona ziara nyingi, lakini hajawahi kuandaliwa kitu kizuri namna hii, na anamshukuru mwalimu kwa kufikiria harusi. Mwalimu alinitazama. Nilitazama sahani.

"Tulijaribu," akasema.

Nje nilimkuta mume wangu amekaa juu ya pikipiki yake chini ya jua. Alikuwa ametufuata tangu kona ya tatu, hatua kwa hatua.

"Sasa kwa nini hukupita mbele utusimamishe?" nikamuuliza.

Akanitazama kama nimetukana.

"Nipite mama?"

Kukata kulia mama mukubwa alijifunza juma lililofuata, kwa lazima, maana soko liko kulia. Trisikli ikafanya kazi. Samaki wakaanza kufika asubuhi wakiwa bado na macho yanayong'aa, na mabinti wa chama, waliokuwa wanakosa shule siku za kwenda ziwani kubeba mabeseni, wakaacha kukosa. Hilo sikuambiwa na mtu, maana binti yangu ni mmoja wao. Wawili wakubwa wakamwomba mama mukubwa awafundishe kuendesha. Safari hii hapakuwa na mkwe wa kuonea haya, kwa hiyo alifoka moja kwa moja, na walijua haraka.

Kisha redio ikaanza kusema kwamba serikali za huko mbali zinapunguza misaada, na ya wanawake na wasichana imo. Tulisikia kama tunavyosikia habari za mvua ya nchi nyingine. Mpaka mwalimu akaja mwenyewe Panda, akakaa jikoni kwa mama mukubwa, akasema ofisi inafungwa. Vyama vingine vilivyokuwa kwenye foleni havitapata kitu. Hata yule mama mgeni, alisikia, hana kazi tena.

Mama mukubwa alimwekea chakula kwanza. Mwalimu alipomaliza kula ndipo mama mukubwa aliposema, "Wale bengine walikuwa wanangojea nini?"

"Wengine mashine ya kusaga. Wengine choo ya wasichana kwenye shule."

Mama mukubwa akakuna lile goti.

Mwalimu alikuwa na ombi moja, nalo lilimtia aibu. Ofisi haikuwa na gari tena, na yeye alikuwa na viti, meza na godoro lake la kuhamisha mpaka kwa kaka yake, upande wa pili wa mji. Tukaenda. Tulipakia kila kitu, tukakifunga kwa kamba za samaki, na mwalimu akakaa juu kabisa, kwenye godoro, ameshikilia miwani. Watu wa njiani walimsalimia. Aliitikia wote, mmoja mmoja.

Nyumbani kwa kaka yake, shemeji yake alitoka akasaidia kushusha. Alinusa mguu wa meza, akauliza mbona una harufu ya samaki, na samaki wenyewe tunauza wapi. Mama mukubwa akakaa kwenye kiti kimojawapo cha ofisi, pale uani kati ya vitu, akaanza kumweleza habari za samaki, kisha za chama. Waliongea mpaka giza likaingia, na nikamwacha mama mukubwa aongee.