Maisha ya Claude, Kama Léonce Alivyoyaandika

Nilipanga na Léonce uwani kwa Mreno mmoja pale Rosettenville, chumba chake kikipakana na changu. Alikuwa Mrundi, mwandishi wa gazeti dogo la Bujumbura, aliyefika Johannesburg mwishoni mwa 2015 na begi moja. Huku akawa mlinzi wa maghorofa, Turffontein. Zamu ikiisha anavua sare, anakaa kitandani, anafungua daftari. Habari za gazeti alikuwa ameziacha. Aliandika maisha ya mtu mmoja tu: Claude, mwalimu na mshairi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, aliyechukuliwa na watu wasiojulikana mwaka ule ule, asionekane tena.

Mama yake Claude, Mama Concilie, naye alikimbilia huku. Alishona sare za shule mtaa wa pili kutoka kwetu. Kwa miaka mitatu, kila Jumapili baada ya misa, Léonce alikwenda kwake na simu ya kurekodia. Mama alimweleza yote: Claude alivyochelewa kusema, alivyofukuzwa seminari, alivyowakejeli wakubwa kwa mashairi mpaka ikabidi ajifiche. Alimpikia maharage na ndizi. Alimwita mwanangu. Na kila akifika kwenye siku ile ya mwisho, alimlaani Jeanne, jirani yake kwa miaka ishirini huko Bujumbura, aliyekuwa akimpelekea Claude chakula mafichoni.

"Ni yeye peke yake aliyejua. Ni yeye alimuuza mwanangu."

Léonce alirekodi hata hilo.

Januari 2019 kitabu kikaisha. Léonce aliniomba nimsindikize kwa Mama, nadhani aliogopa. Macho ya Mama yalikuwa yamechoka, kwa hiyo akamsomea. Mama alicheka mahali pa kucheka, akafuta machozi mahali pengine. Walipokaribia mwisho akainua mkono.

"Ngoja kidogo. Umeandika 'wakampata'. Walimpataje? Wewe si mwandishi wa habari? Hukuuliza?"

Léonce aliweka karatasi mapajani.

"Mama, nilimhoji mafichoni, nikaandika makala juu yake gazetini. Sikutaja mtaa wala nyumba. Lakini niliandika kwamba anaishi juu ya tanuri la mkate, na dirisha lake linatazama mnara wa kijani wa msikiti. Niliipenda sana sentensi ile. Ilitoka Ijumaa. Jumapili wakamchukua."

Mama hakulia. Alikunja kitambaa kilichokuwa mikononi mwake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Jeanne alinipigia mwaka jana akiwa hospitali. Mara tatu. Sikupokea. Akafa."

"Najua, Mama."

"Unajua. Ulikuwa umekaa hapo hapo, simu inaita."

"Ndiyo, Mama."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa utanifukuza. Sina pengine pa kwenda Jumapili."

Nilitazama chini.

"Basi liandike hilo," Mama alisema. "Andika kwamba Jeanne hakuwa na kosa. Andika jina lake lote. Halafu usije tena hapa."

Aliandika kurasa sita. Nilizisoma, hakujihurumia hata mstari mmoja. Alipozipeleka, Mama alipitisha mkono kwenye nondo za geti, akazichukua, akafunga mlango wa ndani. Léonce alisimama pale muda mrefu, watu wakimpita.

Kitabu kilichapwa Juni, nakala mia moja, kikazinduliwa katika ukumbi wa parokia. Warundi walijaa, Wakongomani pia. Watu walisimama kupiga makofi. Léonce alitazama mlango tangu mwanzo hadi viti vilipokusanywa.

Jumapili zilizofuata alilala tu. Nikimgongea tukatafute chakula, anasema ameshiba. Daftari jipya nililomnunulia lilibaki kwenye plastiki yake.

Septemba nilikutana na Évariste, mfanyabiashara aliyekuwa anarudi Bujumbura. Akaniambia Mama Concilie amempa nakala ya kitabu, aliyoifunga vizuri kwa kitambaa, awapelekee mabinti wa Jeanne, pamoja na barua ya kuwaomba msamaha. Nilikimbia nyumbani kumwambia Léonce, nikidhani angalau hilo litampa moyo.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alisema chochote juu yangu?"

Ningeweza kudanganya. "Hapana," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akavaa sare yake, akaenda zamu.